Damu ya Watu wa Ziwa na Kiunzi cha Seli

Mwaka 1949 kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford kiliingia Kenya kikielekea Mlima Kenya. Mmoja wao, Anthony Allison, alikuwa anarudi nyumbani. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia katika shamba la wazazi wake karibu na Gilgil, Bonde la Ufa, na malaria aliijua tangu utotoni kwa kuiugua. Wenzake walishughulika na mlima. Yeye alishughulika na damu. Alichukua damu ya watu wa makabila mbalimbali, kuanzia pwani, kupitia nyanda za juu, hadi kando ya Ziwa Victoria. Kazi aliyojipa ilikuwa kulinganisha makundi ya damu, ila aliongeza kipimo kimoja: tone la damu lilinyimwa oksijeni, kisha likatazamwa kwa hadubini ili kuona kama seli nyekundu zitajipinda na kuchukua umbo la mundu.

Majibu yalimkosesha usingizi. Katika nyanda za juu, hata mtu mmoja kati ya 100 hakufika kuwa na seli za namna hiyo. Pwani na kando ya ziwa, idadi ilipita watu 20 kati ya 100. Watu wa pwani na watu wa ziwani hawakuwa na lugha moja wala asili moja. Walichoshirikiana ni joto, maji yaliyotuama na mbu.

Selimundu yenyewe haikuwa habari mpya kwa madaktari. James Herrick wa Chicago aliandika juu yake mwaka 1910, baada ya kumtibu mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada ambaye damu yake ilikuwa na seli nyembamba zilizopinda. Mwaka huohuo wa 1949, Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba chanzo cha ugonjwa ni himoglobini isiyo ya kawaida, ile protini inayobeba oksijeni. Miaka saba baadaye Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, aliikuta kasoro yenyewe: mnyororo wa himoglobini wenye asidi amino 146 umebadilika mahali pamoja tu, pa sita. Hapo panapotakiwa asidi glutamiki pamekaa valini. Mtoto anayerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama anaugua selimundu. Anayelirithi kwa mzazi mmoja tu anaishi bila dalili, na mara nyingi hajui kwamba amelibeba.

Hapo ndipo fumbo lilipokuwa. Wakati huo watoto wengi wa Afrika waliozaliwa na selimundu walikufa kabla ya kufikia umri wa kwenda shule. Jeni inayoua watoto kizazi baada ya kizazi ilipaswa kupungua hadi ikaribie kutoweka. Kando ya ziwa haikupungua. Allison alihisi kwamba kuna kitu kinachoirudisha, na kitu hicho kilikuwa malaria: huenda aliyerithi nakala moja ya jeni alilindwa na homa iliyowamaliza wenzake.

Ilimbidi kwanza amalize masomo ya udaktari. Mwaka 1953 alirudi Afrika Mashariki, na jaribio lililompa jibu lilifanyika Nairobi kwa kuwatumia Wajaluo, watu wa kando ya ziwa. Wanaume 30, watu wazima waliokuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa muda, walijitolea kuambukizwa vimelea vya Plasmodium falciparum, aina ya malaria iliyo kali kuliko zote. Kumi na watano walikuwa na nakala moja ya jeni ya selimundu, kumi na watano hawakuwa nayo. Kati ya wale wasio nayo, 14 walipata vimelea katika damu. Kati ya wenye nayo, ni wawili tu. Kisha wote wakapewa dawa. Nchini Uganda Allison alipima watoto 290, akakuta vimelea vichache zaidi kwa wenye jeni hiyo, na akaendelea kupima maelfu ya watu katika makabila ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Makala yake ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza mnamo Februari 1954.

Leo jaribio kama lile la Nairobi lisingeanza kabla ya kujadiliwa na kamati za maadili, na kila mshiriki angeelezwa hatari zote kwa lugha anayoielewa. Majina ya wanaume wale 30 hayamo katika vitabu vinavyomtaja Allison. Damu yao ndiyo iliyotoa mfano wa kwanza uliofahamika vizuri wa namna ugonjwa unavyoweza kuchagua jeni za binadamu, mfano unaofundishwa hadi leo katika vyuo vikuu vya dunia nzima, na wanastahili kutajwa kila mara hadithi hii inaposimuliwa.

Ilipita karibu nusu karne kabla jambo hilo halijathibitishwa kwa watoto wa ziwani wenyewe, katika maisha yao ya kawaida. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliundwa mwaka 1979, na mwaka huohuo ikaanza kushirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Maabara zao ziko Kisian, magharibi ya mji wa Kisumu kwenye barabara ya Busia. Katika miaka ya 1990 watafiti na wahudumu wa vijiji walifuatilia watoto wa Asembo, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Siaya, tangu kuzaliwa. Walipima damu yao mara kwa mara, wakaandika homa zao, na wakaandika vifo.

Michael Aidoo na wenzake walipochambua jeni za watoto hao na kuchapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 2002, picha ilikuwa wazi. Waliorithi nakala moja ya jeni ya selimundu walikufa kwa uchache zaidi kuliko wenzao. Tofauti kubwa ilionekana kati ya umri wa miezi miwili na miezi 16, kipindi ambacho malaria ya ukanda wa ziwa humaliza damu ya mtoto hadi viganja vikawa vyeupe. Wazazi wa Asembo hawakuhitaji Lancet iwaambie kuwa huo ndio umri wa hatari. Kilichopatikana ni uthibitisho kwamba Allison aliona sawasawa.

Lakini Allison hakuweza kusema ni kwa nini. Himoglobini isiyo ya kawaida inakizuiaje kimelea? Ili kulijibu swali hilo ilibidi sayansi igeukie kitu ambacho mwaka 1954 hakuna aliyekijua vizuri: kiunzi cha ndani ya seli, na namna protini zinavyokifunga kwenye kiini.

Seli si mfuko wa maji. Ndani yake mna nyuzi za protini zinazoipa umbo, zinazosafirisha mizigo na kuivuta seli inapojigawa. Nyuzi nyembamba huundwa na aktini, na mirija midogo inayoitwa mikrotubuli huundwa na tubulini. Katikati hukaa kiini chenye DNA, kimezungukwa na utando wa tabaka mbili. Kwa muda mrefu wanabiolojia walijiuliza ni nini kinachokishika kiini mahali pake na kukihamisha inapobidi, maana nyuzi ziko nje ya utando na DNA iko ndani.

Jibu lilitoka kwa mnyoo. Sydney Brenner, aliyesoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg katika miaka ileile ya 1940 ambayo Allison alisoma hapo, ndiye aliyewashawishi wanasayansi kumtumia Caenorhabditis elegans, mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja, kama kiumbe cha kuchunguza jeni. Baadhi ya minyoo iliyozaliwa na kasoro ilionekana kuwa na viini vilivyopotea njia: havikuhama vilipotakiwa kuhama, au vilielea ovyo na kurundikana pamoja. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba protini iitwayo UNC-84 hukaa kwenye utando wa kiini, na bila yake kiini hakihami wala hakitulii. Mwaka 2002 Daniel Starr na Min Han huko Colorado walieleza juu ya protini ya pili, ANC-1, ndefu mno, inayofika hadi kwenye nyuzi za aktini.

Taratibu mpangilio ukaeleweka. Kwenye tabaka la ndani la utando wa kiini kuna protini za jamii ya SUN. Kwenye tabaka la nje kuna protini za jamii ya KASH. Jamii hizo mbili hukutana katika nafasi nyembamba iliyo kati ya tabaka, zikashikana tatu kwa tatu, na hivyo mvuto unaoanzia kwenye nyuzi za seli unafika hadi ndani ya kiini. Mwaka 2006 kundi la Brian Burke na Didier Hodzic nchini Marekani liliupa mpangilio huo jina la LINC.

Kwa binadamu protini kubwa za upande wa nje huitwa nesprini. Ile ya kwanza ina karibu asidi amino 8,800, ikiwa miongoni mwa protini kubwa sana za mwili. Inapoharibika, mtu huumia. Mwaka 2007 watafiti wa Canada walikuta kwamba familia kadhaa za Quebec ambazo watu wake hupoteza uwezo wa kutembea sawasawa zina kasoro katika jeni ya nesprini hiyo.

Sasa damu inarudi katika hadithi. Sehemu ndefu ya nesprini imejengwa kwa vipande vinavyojirudia, na vipande hivyo ni vya ukoo mmoja na spektrini. Spektrini ilitolewa kwa mara ya kwanza kutoka kwa seli nyekundu za damu mwaka 1968, na Vincent Marchesi na mwenzake. Protini inayofunga kiini kwenye kiunzi na protini inayoshikilia ukuta wa seli ya damu ni ndugu.

Na seli nyekundu ndiyo inayofanya jambo ambalo karibu seli nyingine zote haziwezi: inatupa kiini chake. Ndani ya uboho wa mifupa, seli changa inapojaa himoglobini, kiini husinyaa na kusogezwa pembeni. Aktini hujikaza kama mshipi, na kiini kinasukumwa nje kikiwa kimevikwa utando mwembamba, kisha seli ya ulinzi iliyo jirani inakimeza. Mwili wa mtu mzima hutengeneza seli nyekundu karibu milioni mbili kila sekunde, na kila moja hupitia hatua hiyo. Inayobaki haina DNA wala uwezo wa kutengeneza protini mpya. Ina himoglobini, na ina kiunzi: wavu wa spektrini uliofungwa kwa vifundo vya aktini chini ya utando, mfano wa fito za nyumba ya udongo zinazoubeba ukuta. Kwa wavu huo seli itajikunja na kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, kwa muda wa siku zipatazo 120, kisha itaondolewa na wengu.

Selimundu huanza kuharibu hapo. Himoglobini ya mgonjwa ikikosa oksijeni hujipanga kuwa nyuzi ngumu, na nyuzi hizo huisukuma seli kuwa na ncha. Oksijeni ikirudi, nyuzi huyeyuka na seli hurudi kuwa ya mviringo. Ila baada ya kupindwa mara nyingi, baadhi ya seli hazirudi tena. Mwaka 1976 Samuel Lux na wenzake wa Boston waliziosha seli za namna hiyo hadi himoglobini yote ikaisha. Mabaki yalibaki na umbo la mundu. Kiunzi chenyewe kilikuwa kimeshapotoka.

Malaria nayo inakitaka kiunzi hichohicho, kwa sababu zake.

Kimelea cha falciparum kinapoingia katika seli nyekundu kinapata chakula tele na maficho, lakini kinajikuta katika nyumba isiyo na mwenyeji. Seli nyingine ina barabara za ndani za kupeleka protini kwenye ukuta. Seli nyekundu ilishazitupa pamoja na kiini chake. Kimelea lazima kijenge barabara yake, tena upesi, kwa kuwa seli iliyoambukizwa hukakamaa, na wengu huzikamata seli zilizokakamaa na kuziharibu. Njia ya kuukwepa wengu ni kutokeza kwenye ukuta wa seli protini inayonata, iitwayo PfEMP1, ili seli ing'ang'anie kuta za mishipa midogo na isipite kwenye wengu. Zikinata nyingi katika ubongo, mtoto anapoteza fahamu.

Daktari wa Kijerumani aliyefanya kazi Sumatra, Georg Maurer, aliona madoa ya ajabu ndani ya seli zilizoambukizwa na kuyaeleza mwaka 1902. Leo inajulikana kwamba madoa hayo ni vituo vya kimelea vya kupanga mizigo. Swali lilikuwa mizigo inatokaje kituoni hadi ukutani.

Mwaka 2011 kundi la Marek Cyrklaff na Michael Lanzer wa Heidelberg, wakishirikiana na watafiti wa Burkina Faso, lilichapisha jibu katika jarida la Science. Waligandisha seli za damu ghafla na kuzipiga picha kwa hadubini ya elektroni kutoka pande nyingi, hadi wakaona nyuzi moja moja. Katika damu ya kawaida, kimelea kilikuwa kimepora aktini kutoka vifundo vya wavu wa seli na kuiunda upya kuwa nyuzi ndefu, kutoka vituo vya Maurer hadi kwenye vinundu vya ukutani. Vifuko vya mizigo vilikuwa vimening'inia kwenye nyuzi hizo. Katika damu yenye himoglobini ya selimundu, na ile ya aina ya C inayopatikana Afrika Magharibi, nyuzi zilikuwa fupi na zimevurugika. Himoglobini hizo huharibika kwa urahisi, na mazao ya kuharibika kwake huizuia aktini kujipanga. Mizigo haifiki yote, seli hainati vizuri, na wengu unaikamata.

Hiyo si sababu pekee. Imeonyeshwa pia kwamba vimelea hudumaa katika seli za aina hiyo mahali penye oksijeni kidogo, na kwamba seli hizo huliwa mapema na walinzi wa mwili. Lakini hili la aktini linasaidia kueleza kile kilichoonekana Asembo: watoto waliokuwa na malaria lakini hawakufa nayo.

Pwani ya Kenya nayo ilitoa mfano wake. Mwaka 2020 Silvester Kariuki na wenzake wa kituo cha utafiti cha Kilifi walieleza kwamba watu wenye kundi adimu la damu liitwalo Dantu wana seli ambazo utando wake umekazwa zaidi, na kimelea kinashindwa kuupenya.

Hadi hapa kiini kilichozungumzwa ni cha mnyoo na cha binadamu. Kimelea kina kiini chake, na kina mahali ambapo uhai wake wote unategemea kiini hicho kufungwa barabara kwenye kiunzi. Mahali hapo ni tumbo la mbu.

Mnamo Novemba 6, 1880, huko Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran alikuwa akitazama damu ya askari mgonjwa. Akaona kitu cha mviringo kikitoa ghafla nyuzi zinazochapa huku na huku kwa nguvu kiasi cha kuzisukuma seli nyekundu. Hapo alijua kwamba malaria husababishwa na kiumbe hai. Hakujua kwamba alichokiona ni kuzaliwa kwa mbegu za kiume. William MacCallum wa Baltimore alilifahamu hilo mwaka 1897, alipoona katika damu ya kunguru uzi kama huo ukiingia katika seli ya kike. Mwaka huohuo Ronald Ross alikikuta kimelea ndani ya mbu huko India.

Tukio lile huanza mbu jike anaponyonya damu. Joto linashuka kwa digrii chache, kemikali iliyomo katika mwili wa mbu inatoa ishara, na seli ya kiume ya kimelea inaamka. Kwa muda usiozidi dakika 15 au hapo karibu inanakili DNA yake mara tatu, inajenga mikia minane, na kuachia mbegu nane zinazoogelea. Ni vigumu kupata seli nyingine inayofanya kazi kwa kasi hiyo. Tena DNA inanakiliwa ndani ya kiini ambacho utando wake haufunguki, wakati mikia inajengwa nje. Kila mkia lazima uondoke na sehemu yake ya kiini. Kosa dogo la ufungaji, na mbegu inatoka bila DNA.

Mwaka 2025 kundi linaloongozwa na Rita Tewari wa Chuo Kikuu cha Nottingham lilieleza ni nini kinachofanya ufungaji huo. Kimelea kina protini ya jamii ya SUN, ya ukoo uleule unaokishika kiini cha mnyoo na cha binadamu. Lakini jamii ya KASH, ambayo ndiyo mwenzake wa kawaida, haijulikani kuwamo katika kimelea. Badala yake SUN1 hushirikiana na protini nyingine ambayo watafiti waliipa jina la ALLAN. Walipoiondoa SUN1 katika kimelea cha malaria ya panya, mikia ilijengwa vibaya, na mbegu nyingi zikatoka tupu, bila kiini. Zilichapa maji bila kuzaa. Uambukizaji ukakatika.

Kwa mtu wa Kisumu habari hiyo si ya mbali. Pwani ya Dunga, mashamba ya mpunga ya Ahero, mashimo ya mchanga na ya matofali baada ya mvua, yote ni mazalio ya mbu, na kila jioni mamilioni ya matumbo ya mbu huwa mahali pa tukio alilolishuhudia Laveran. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto wa ukanda wa ziwa waliopimwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6. Hata mbu wenyewe wamebeba jina la mji. Maabara nyingi zinazopima dawa za kuua mbu hufuga Anopheles gambiae waitwao Kisumu, kizazi cha mbu waliochukuliwa hapa ambao hawana usugu, ili wawe kipimo cha kulinganishia wengine.

Chombo cha kuuzuia uambukizaji ndani ya mbu kimeshaonekana kando ya ziwa kwa njia nyingine. Watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, wakiwamo wa kituo cha Mbita katika kaunti ya Homa Bay, walitangaza mwaka 2020 kwamba baadhi ya mbu wa Anopheles arabiensis wana kijidudu kisichowadhuru, Microsporidia MB, na wenye nacho hawabebi vimelea vya malaria. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa Siaya na Kombewa miongoni mwa maeneo mengine, ilianza kutolewa nchini Kenya kuanzia Homa Bay mnamo Septemba 13, 2019. Hiyo hulenga kimelea kinapoingia mwilini. Dawa itakayokata kamba ya SUN1 bado haipo. Lakini protini hiyo ya kimelea inafanya kazi bila mwenzi wa KASH ambaye seli zetu zinamhitaji, na tofauti ya namna hiyo ndiyo watengeneza dawa huitafuta, ili kimelea kiumie na mgonjwa asalimike.

Wanaosahaulika katika ushindi huu ni wale walioulipia. Kinga ambayo nakala moja ya jeni iliwapa watu wa kando ya ziwa ililipwa na watoto waliorithi nakala mbili. Hesabu yake ni rahisi. Mahali ambapo mtu mmoja kati ya watano ana jeni hiyo, katika kila jozi 25 za wazazi moja huwa wote wawili wanayo, na kila mimba ya jozi hiyo ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Ni sawa na mtoto mmoja katika kila 100 wanaozaliwa.

Tiba mpya kabisa inapita katika kiini. Kwa kuwa seli nyekundu haina DNA ya kurekebishwa, madaktari huzichukua seli mama za uboho, ambazo viini vyake havijatupwa, wakahariri jeni inayoizima himoglobini ya kijusi, ile ya mtoto kabla ya kuzaliwa, kisha wakazirudisha mwilini. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, ambako bei ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, fedha hizo hazifikiriki.

Kilicho karibu ni kidonge cha hydroxyurea, ambacho nacho huongeza himoglobini ya kijusi. Jaribio lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba kidonge hicho kinawafaa watoto wa Kiafrika: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Penisilini ya kila siku katika miaka ya mwanzo na kinga ya malaria huokoa wengine. Lakini haya yote yanamfaa mtoto anayejulikana, na mtoto hujulikana akipimwa.

Tone moja la damu ya kisigino linatosha. Wajaluo walitoa damu yao mwaka 1949, wakaitoa tena mwaka 1953, na watoto wa Asembo wakaitoa katika miaka ya 1990, na dunia ikajifunza kwayo. Serikali za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia zifanye kipimo cha selimundu kuwa cha lazima na cha bure kwa kila mtoto anayezaliwa katika hospitali na vituo vyao, na wazazi wakidai pale wanaponyimwa.